Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kutekeleza Mpango wa Utalii Endelevu Nairobi na Viunga Vyake vya Magharibi

 

Nimeombwa nizungumzie mpango wa utalii endelevu wa eneo letu, yaani katikati ya jiji la Nairobi pamoja na viunga vya magharibi, kuanzia Westlands na Kangemi, kupitia Kilimani na Dagoretti, hadi Karen na Lang'ata. Nitajikita katika utekelezaji, kwa sababu kuandika mipango tunajua. Jiji hili liliandikiwa mpango mkuu mwaka 1948, enzi za ukoloni. Likaandikiwa mkakati wa ukuaji mwaka 1973. Likaandikiwa mpango wa NIUPLAN mwaka 2014, uliotazama hadi mwaka 2030. Kwa upande wa utalii tuna Ruwaza ya 2030, tuna Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na tuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo Jedwali lake la Nne limegawa kazi: sera ya utalii iko mikononi mwa serikali ya kitaifa, na utalii wa mashinani uko mikononi mwa kaunti. Karatasi tunazo. Wahenga walishatuonya kwamba mipango si matumizi.

Neno langu la leo ni hili: mpango wa utalii huanza kutekelezwa siku ile anayekitunza kivutio anapojua fungu lake ni lipi, litamfikia lini, na amuulize nani lisipomfikia. Kabla ya siku hiyo, tunachokiita mpango ni nia njema tu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nusu ya kwanza ya methali hiyo tunaitekeleza vizuri. Mwaka 2024 Kenya ilipokea wageni wa kigeni wapatao milioni 2.4, na wengi wao walitua Nairobi. Nusu ya pili ndiyo deni letu. Mwenyeji asipopona atauza shamba, atakata mti, atafunga njia ya mnyama, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Mpaka wa ramani na njia ya nyumbu

Nianze na mbuga, maana ndiyo inayotutambulisha duniani. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, ikawa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Ukubwa wake ni kilomita mraba 117 tu. Upande wa jiji imezungushiwa ua. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, imeachwa wazi kwa sababu maalum: mvua ikinyesha, nyumbu na punda milia hutoka kwenda kulisha katika uwanda wa Athi-Kapiti, na kiangazi kikiingia hurudi kufuata maji ya kudumu. Uwanda huo uko katika kaunti za Kajiado na Machakos, na sehemu kubwa ni ardhi ya watu binafsi, wengi wao wafugaji wa Kimaasai.

Tazameni basi hesabu ilivyokaa. Mtalii hulipa langoni, Lang'ata. Mnyama aliyekuja kumwona hutumia sehemu ya mwaka akila nyasi za mfugaji wa Kitengela, akinywa maji ya ng'ombe wake, na pengine simba akishuka usiku kumla ng'ombe mwenyewe. Gharama iko kaunti moja, mapato yako kaunti nyingine. Mpango wowote wa Nairobi unaoishia kwenye mpaka wa kaunti umekwisha kushindwa kabla haujaanza.

Palikuwa na jaribio la kurekebisha hesabu hiyo, nami naliheshimu sana. Mwaka 2000 ulianza mradi wa kukodisha ardhi Kitengela. Mfugaji aliyejiunga alilipwa dola 4 kwa kila ekari kwa mwaka, kwa masharti: asizungushe ua, asichimbe mawe, asigawe shamba kuwa ploti, asidhuru wanyamapori. Jambo linalostahili kuangaliwa kwa karibu ni ratiba ya malipo. Hawakulipa kwa mkupuo mmoja. Waligawanya mara tatu kwa mwaka, kufuata mihula ya shule, ili fedha ziingie nyumbani wakati karo inadaiwa. Mzazi aliweza kumtazama nyumbu akipita shambani akajua mtoto wake ataingia darasani Jumatatu. Huo ndio utekelezaji ninaousema. Fungu linajulikana, tarehe inajulikana, na wa kuulizwa yupo.

Wafugaji hao hao, wakishirikiana na baraza la serikali ya mtaa la Olkejuado la wakati ule na watafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, walichora pia mpango wa matumizi ya ardhi yao, wakaonyesha wapi pajengwe na wapi pabaki malisho. Kwa nini basi nyumbu waliendelea kupungua? Mwishoni mwa miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 25,000 katika mfumo huo wa ikolojia. Kufikia mwaka 2011 hawakufika 5,000. Sababu ni kwamba fedha za kukodi zilitegemea wafadhili, nazo za wafadhili huja na kuondoka, ilhali bei ya ploti Kitengela ilipanda bila kumngoja mtu. Viwanda vilikuja, barabara zikaja, nyua zikaja. Reli ya SGR, iliyofikishwa Naivasha mwaka 2019, ilipitishwa juu ya mbuga kwa daraja refu. Mwaka 2016 simba aliyeitwa Mohawk, mmojawapo wa simba waliojulikana sana wa mbuga hii, aliuawa kwa risasi Isinya, mbali na mipaka ya mbuga, baada ya kuzingirwa na umati na kumjeruhi mtu. Rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga ilipoletwa mwaka 2020, mjadala mkali ulizuka juu ya ua na majengo ya kitalii, na wengi wa waliopaza sauti waliuliza swali moja: tukifunga upande wa kusini, je, tutakuwa na mbuga au bustani ya wanyama?

Funzo langu kutoka Kitengela si kwamba mradi ulikuwa mbaya. Ulikuwa mzuri, ila haukufungwa kwenye chanzo cha fedha kinachodumu. Chanzo hicho ni lango. Sehemu inayojulikana ya kila tiketi ya mbuga ingefaa itengwe kwa ajili ya ardhi ya mtawanyiko, yaani malisho ya wanyama nje ya mbuga, na itengwe kisheria, ili asiwepo afisa wa kuiondoa bajeti inapobana.

Msitu na walinzi wake

Sasa tuvuke twende Ngong Road. Msitu wa Ngong Road umebakiwa na hekta 1,200 na kidogo, chini ya nusu ya eneo lililotangazwa mwaka 1932. Umekatwa vipande na barabara, na nyumba zimeusogelea kila upande. Lakini uangalieni majirani wake: upande mmoja ni Karen, yenye nyua ndefu na bustani kubwa, upande mwingine ni Kibera, na magharibi ni Dagoretti. Hapa tajiri na maskini wanahitaji kivuli kile kile. Mmoja huja na baiskeli ya mazoezi, mwingine huingia kuokota kuni. Mpango wa utalii ukimwona wa kwanza kama mgeni na wa pili kama mhalifu, msitu huo hautalindika.

Tunajua la kufanya, kwa sababu jirani yetu, Msitu wa Karura, ametuonyesha. Januari 1999 marehemu Profesa Wangari Maathai alipigwa na wahuni pale pembeni ya msitu huo akijaribu kupanda mche, wakati viwanja vya msitu vilikuwa vimegawiwa wajenzi. Msitu uliokolewa, lakini kwa miaka kumi iliyofuata wakazi wengi waliogopa kuuingia. Mabadiliko yalikuja baada ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 kuruhusu vyama vya jamii kusimamia misitu pamoja na serikali. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha Friends of Karura, kikafanya kazi bega kwa bega na Shirika la Huduma za Misitu. Ua ukawekwa, njia zikafyekwa, ada ndogo ikatozwa, na vijana wa mtaa wa Huruma, ulio ubavuni mwa msitu, wakaajiriwa kuwa walinzi. Leo mwanamke hukimbia Karura peke yake asubuhi. Uzio pekee usingefanya hivyo. Hilo limefanywa na kijana anayejua kwamba mshahara wake unatoka kwenye usalama wa yule mwanamke.

Mwaka 2025 palizuka mvutano juu ya njia ambayo ada za Karura zipitie, serikalini au kwa mfumo wa pamoja, na mvutano huo ukafika mahakamani. Sitaki kuamua kesi hapa. Nataka tuone tu jinsi umma ulivyolishika jambo lile. Wakazi wa kawaida walitaka kujua fedha za langoni zinakwenda wapi na nani anaamua. Watu wakifikia kuulizia tiketi ya msitu kwa uchungu wa namna ile, ni dalili kwamba msitu wanauona kuwa wao. Mpango wa utalii haupati mlinzi bora kuliko huyo, kwa hiyo maswali yake yajibiwe, tena hadharani.

Sokoni, Jumamosi

Turudi katikati ya jiji. Kwa mgeni wa kawaida, katikati ya Nairobi ni mahali pa kulala usiku mmoja kabla ya kwenda Mara au Amboseli. Ni hasara kubwa. Jengo la zamani la Mkuu wa Mkoa, lililojengwa mwaka 1913 pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, leo ni Nairobi Gallery, na ndani yake umo mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii. Ukitoka hapo kwa miguu unafika Soko la Jiji kwenye Muindi Mbingu, Msikiti wa Jamia, na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao na leo ni ya kila mtoto wa Nairobi. Unapita jengo la mikutano la KICC, lililokamilika mwaka 1973. Unamalizia kwenye jengo la Nyaraka za Taifa na bustani ya kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Historia yote hiyo, ukoloni na uhuru, dini na biashara, furaha na msiba, iko ndani ya matembezi ya asubuhi moja, bila lita ya petroli. Kinachokosekana ni njia ya miguu isiyovamiwa na pikipiki, taa, vibao vinavyosomeka, na mwongozaji aliyesomea kazi yake.

Lakini nataka tusimame kidogo sokoni. Jumamosi, kwenye maegesho ya mahakama karibu na City Hall, Maasai Market hutandazwa chini. Mama ametandika shuka, amepanga vyondo kwa ukubwa, shanga kwa rangi, na vinyago vya jiwe la Kisii vilivyotoka Tabaka vikiwa vimefungwa kwa magazeti ili visipasuke njiani. Mtalii anaingia. Kabla hajafika kwa mama, dalali amekwisha kumpokea. Ana kikapu mkononi. "Chagua unachopenda, bei tutaongea mwisho," anamwambia. Mtalii anachukua bakuli hapa, mkufu pale, kiondo kule, vyote vinaingia kikapuni. Mwishoni dalali anataja bei moja ya vitu vyote. Wanapatana. Mgeni anaondoka akidhani amewanunulia akina mama watano. Kisha dalali anazunguka kuwagawia, na kila mama anapokea kile alichoambiwa kuwa ndicho kilicholipwa. Hakuwa sehemu ya mazungumzo. Hajui bei iliyotajwa.

Simlaani yule dalali. Ni kijana wa jiji, anajua Kiingereza, pengine na Kiitaliano au Kijerumani cha kujifunzia sokoni, na anatafuta riziki. Kipawa chake ni kile kile tunachokitafuta kwa waongozaji. Mpango unaotekelezwa ungempa mafunzo, kitambulisho na malipo yanayojulikana ya kumtembeza mgeni, kisha ungeweka bei ya kila bidhaa kwenye karatasi iliyobandikwa mbele ya mwenye bidhaa. Kazi hiyo haihitaji wafadhili wala ripoti. Inahitaji afisa wa kaunti atakayekaa na kamati ya wauzaji wakubaliane.

Karen kuna mfano wa njia nyingine. Mwaka 1975 Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo akiwa na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Warsha hiyo, Kazuri, imekua ikaajiri mamia ya wanawake. Mgeni huingia ndani, akaona udongo ukifinyangwa, ukichomwa, ukipakwa rangi, na mkono ulioufinyanga uko mbele yake. Anaponunua anajua amenunua kwa nani. Hapo mwenyeji haonekani kama pambo la safari. Ndiye mwenye duka.

Kikomo

Neno endelevu limezoeleka mno midomoni. Tulipe kazi ya kufanya. Kivutio kisicho na kikomo hakiwezi kudumu, na kikomo kisichoandikwa hakiwezi kulindwa.

Mfano upo ndani ya mbuga yetu wenyewe. Kituo cha Sheldrick cha ndovu yatima kimekuwa kikiwafungulia wageni wa kawaida saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana. Ndovu wachanga wanakunywa maziwa, wanagaagaa kwenye tope, walezi wanasimulia kila mmoja alitoka wapi, kisha lango linafungwa. Wangeweza kufungua siku nzima wakavuna zaidi. Wamechagua mnyama kwanza, na bado wageni hawaishi. Kituo cha Twiga cha Lang'ata nacho, kilichofungua milango kwa umma mwaka 1983, hutumia mapato ya wageni kuwasomesha watoto wa shule habari za mazingira. Kikomo na mgao vinawezekana. Havijamfilisi mtu.

Na Westlands ilitufunza jambo mwaka 2020. Barabara ya juu kwa juu ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa kando ya Waiyaki Way, mti wenye umri wa zaidi ya karne moja, ulipangiwa kung'olewa. Kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa ibada, na kwa wakazi wote wa Westlands ulikuwa alama ya mtaa wao. Watu walisimama chini yake, wakaandika, wakapinga. Novemba mwaka huo mti ukatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa jiji, na barabara ikajengwa mti ukiwa umesimama. Hilo lilifanyika kwa sababu umma uliuliza mapema. Mpango wetu usingoje shoka lionekane. Uandike leo ni miti ipi, majengo yapi, na mapito yapi ya wanyama ambayo hayaguswi, kila mjenzi ayasome kabla hajanunua saruji.

Kazi ya mwaka wa kwanza

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, yote ya kuanza ndani ya mwaka mmoja.

Kwanza, kaunti za Nairobi, Kajiado, Machakos na Kiambu ziunde kamati ya pamoja ya utalii. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu waziwazi kamati na mamlaka za pamoja baina ya serikali, kwa hiyo sheria mpya haihitajiki kuanza. Wafugaji wa Kitengela, vyama vya misitu na wauzaji wa sokoni wawe na viti vyenye kura, wasialikwe kama wasikilizaji.

Pili, kila lango la mbuga, msitu na makumbusho liweke ubao wa hesabu. Uandikwe kwa Kiswahili, kila robo ya mwaka: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilikwenda kwa nani, na namba ya simu ya afisa wa kuulizwa. Ubao wa namna hiyo unagharimu kidogo kuliko warsha moja ya siku mbili hotelini.

Tatu, kila kivutio kiandikiwe kikomo chake: wageni wangapi, saa ngapi, magari mangapi. Marufuku ya plastiki ya matumizi ya mara moja katika maeneo ya hifadhi, iliyoanza tarehe 5 Juni 2020, ilituonyesha kwamba Mkenya hufuata sheria anayoielewa ikisimamiwa bila upendeleo.

Nne, njia ya matembezi ya katikati ya jiji ifunguliwe, na waongozaji wake watoke katika vijana ambao tayari wanaishi kwa mgeni: madalali, wapiga picha wa mitaani, makondakta. Wapewe mafunzo, leseni na bei iliyotangazwa. Na siku moja ya mwezi iwe ya watoto wa Kangemi, Kawangware na Kibera, bila malipo. Mtoto ambaye hajawahi kuiona Nairobi Gallery hatakuwa mtu mzima wa kuitetea.

Mtaniambia kwamba mambo haya ni madogo mno kwa mpango wa eneo zima. Nakubali kwamba hayana picha nzuri za kuchapishwa kwenye jalada. Lakini mipango mikubwa tumekuwa nayo tangu mwaka 1948, na katika miaka yote hiyo kilichodumu ni kile kilichopata mwenyewe. Karura ilipata mwenyewe. Mugumo wa Westlands ulipata mwenyewe. Uwanda wa Kitengela ulipata wenyewe kwa muda, nasi tukashindwa kuwalipa kwa uthabiti, na nyumbu wakatuonyesha matokeo.

Ninyi wanafunzi mtakuwa maofisa wa kaunti, mameneja wa hoteli, walinzi wa mbuga. Siku mkikabidhiwa mpango wenye kurasa mia mbili, fungueni mtafute ukurasa unaotaja jina la anayelipwa, kiasi na tarehe. Mkiukosa, urudisheni kwa mwandishi wake kabla ya kutia saini. Na ninyi mnaoishi kando ya misitu na mbuga msingoje kualikwa kwenye mkutano. Nendeni langoni mkaulize hesabu, na mkiulizwa kwa haki gani, jibuni kwamba ninyi ndio wenyeji.